Unamezaka?

Juzi mangaribi mtoto wangu, huyu wa miaka mitano, alikuwa anacheza nyuma ya nyumba. Alimkalisha bebe wake wa kuchezea kwa ukuta, akamfunga kitambaa kwa kichwa, akamwekea kisahani cha bukari (ugali) ya matope, na majani ya mwembe aliyoyaponda kwa jiwe njo sombe, mboga ya majani ya muhogo. Miye niko naanua nguo, simfuati sana. Nikasikia, "Tafuna. Bado. Tafuna tena, moja, mbili, tatu, ine." Kimya kidogo. Halafu kelele: "Weye! Usikunywe maji! Ngoja dakika makumi tatu!" Na kikombe akamnyang'anya.

Nilicheka mpaka shati nyeupe ya baba yake ikaniponyoka ikaanguka mu vumbi. Ila yeye hakucheka, aligeuka akaniuliza, "Mama, juu ya nini bebe anaogopa bukari kama weye?"

Nikamtuma akanawe mikono. Ni jibu gani hilo, najua, lakini njo hilo nililokuwa nalo.

Usiku usingizi ukagoma na nikajikuta tena Katuba, kule Lubumbashi, mwezi wa 6 wa 2023, kwa kilio ya kambo, bibi yangu mzaa baba.

Mambo ya India, nilikoenda kukatwa tumbo ili nipungue unene, sirudilii yote, ndege ya kupitia Addis Ababa, mchuzi mweupe wiki mbili, halafu vyakula vya kupondaponda kama vya mtoto anayeota meno. Niseme tu wakati kambo anakufa nilikuwa na miezi 7 tangu munganga, daktari wa hospitali, anikate mfuko wa chakula, akatoa karibu sehemu 8 kwa 10, akaniachia kamrija kama ndizi. Nilienda na kilo 131, siku ya kilio nilikuwa na 86. Kwa karatasi za hospitali ilikuwa sherehe, sukari imeshuka, tansyo, msukumo wa damu, imetulia, magoti yamenyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilipanda taksi ya Katuba na hakuna aliyeniambia mama lipa nafasi mbili.

Kwa macho ya watu sasa, ilikuwa habari ingine. Uso ndio ulitangulia kukonda, mashavu yalining'inia, shingo ikawa ya bibi kizee. Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne, kila asubuhi naokota ku mto, munganga akasema kwa simu ni kawaida, mwili umeshtuka, zitarudi (zilirudi, siyo zote). Kwa hiyo kitambaa kwa kichwa kila siku. Na baridi! Nyie mnaokaa Lubumbashi mnajua mwezi wa 6 ulivyo, asubuhi mpaka mdomo unatoa moshi, basi ondoa kilo 45 za mafuta halafu ukalale nje kwenye kilio. Nilivaa pulova mbili, nikajifunga pagne mbili, nikakaa karibu na mbabula, jiko la makaa, na bado natetemeka meno yanagongana. Mtu akikuangalia anaona nini? Mwanamke aliyeisha, kitambaa kwa kichwa, anatetemeka kama mwenye homa, halafu hali.

Familia nilikuwa nimewaambia ni operasyo ya tumbo, basi. Aliyetaka kuelewa kivimbe aelewe kivimbe. Bwana yangu peke yake ndiye alijua, maana yeye ndiye aliuza gari.

Nilipoingia kusalimia wamama waliokaa chini, nilisikia nyuma yangu, si kwa sauti ndogo hata:

"Ule njo nani?"

"Njo yeye. Ule munene."

"Mungu wangu. Na bwana yake iko?"

"Iko."

"Mungu wangu," akarudilia, na hiyo ya pili njo ilinichoma zaidi.

Mangaribi ya siku ya pili baba mdogo akasimama na kaye (daftari) mkononi kusoma michango. Sanduku la kuzikia lilikuwa dola 450, na zilikuwa zimepatikana 310. Akasoma majina, huyu 20, huyu 50, huyu ameahidi, huyu hajaonekana. Kwangu iliandikwa 100 na nilikuwa nimezilipa, watu wakapiga makofi kidogo, na miye nimeinamisha kichwa napiga hesabu ambayo sikuitaka, kwamba zile dola 7,000 nilizoacha India zilitosha masanduku 15 na chenji ingerudi. Nimelipa pesa hizo zote ili nisiweze kula. Jaribuni kusema jambo hilo katikati ya watu wanaotafuta dola 140 za kumzika mama yao, halafu mje mnieleze mlianzaje.

Kisha chakula kikaja.

Bukari, sombe, samaki tomson wa kukaanga. Sinia moja, wamama sita, ndoo ya kunawa inazunguka. Miye mbinu zangu nilikuwa nazo tayari, ninanawa kama wengine, ninamega kidogo kabisa, ninachovya sana, ninatafuna kasamaki polepole mpaka sinia inaisha na hakuna aliyenihesabia. Nusu kiganja na nimeshiba, na mara ingine nusu kiganja ni nyingi. Njaa yenyewe ilikuwa imeondoka, ile sehemu waliyokata njo ilikuwa inatoa zaidi grelini, homoni ya njaa, hivyo nilikuwa nakula kwa saa kama mtu anayekunywa dawa.

Lakini pembeni yangu alikaa shangazi. Nina mashangazi sita, wote wazima, Mungu awaweke, na mambo mengine hapa nimeyageuza kidogo, kwa hiyo msijisumbue kutafuta ni yupi. Huyu hakuwa analia kama wengine. Mama yake amelala ndani, na yeye tangu asubuhi anahesabu makala ya moto, anagawa vikombe, anafokea vijana wa kucheza karata. Aliangalia mkono wangu muda mrefu. Halafu akamega tonge, tonge ya kweli, ya mtu mzima, akalifinya, akalibonyeza katikati na kidole gumba, akajaza sombe, akanyoosha mkono mpaka mbele ya mdomo wangu.

"Fungula kinwa."

"Shangazi, nimeshakula."

"Nimekuona. Fungula."

Wamama wakanyamaza. Kukataa tonge la mkono wa shangazi, kwenye kilio ya mama yake, mnajua maana yake? Ni kusema mkono huo una kitu. Ni neno linaloweza kukaa katika familia miaka 20. Nikafungua.

Sasa bukari haitafunwi. Hiyo munganga wa India hakuijua na miye sikumweleza, alisema tafuna kila tonge mara 20, miye nikaitika ndiyo daktari. Bukari inateleza na mboga yake, inamezwa, mtoto anafundishwa hivyo, anayetafuna bukari wanamcheka. Na miye na macho yote yale juu yangu, nikameza.

Lilishuka mpaka hapa, katikati ya kifua, likasimama. Siyo kama kukabwa, pumzi unayo. Ni kama mtu ameingiza ngumi ndani yako na hataki kuitoa. Haliendi chini, halirudi juu. Mate yakaanza kujaa, mazito, kama maji ya bamia, unameza na yenyewe yanarudi kwa sababu njia imefungwa. Machozi yakashuka na wamama wakafikiri ninamlilia kambo, mmoja akanipapasa mgongo akisema lia, mama, lia. Kawaida mtu angekunywa maji kusukuma. Kwangu maji yangekaa juu ya tonge kama kwenye chupa yenye kifuniko. Nikainuka, nikasema ninaenda choo, nikatembea pole pole mpaka nilipopita mwanga wa taa, nikakimbia nyuma ya nyumba kwenye mti wa avoka.

Hapo niliinama muda gani sijui. Povu, halafu povu tena, halafu maumivu, halafu hakuna kitu, halafu povu. Mkono mmoja kwenye mti, gome lake baridi kama chuma. Mbele ya nyumba waliimba na miye ninamwomba Mungu tonge la bukari litoke, dua ambayo sidhani kuna mtu aliyewahi kuiomba Katuba.

Likatoka. Zima, na alama ya kidole gumba bado.

Niliposimama niliona mwanga wa simu chini ya miguu yangu. Shangazi. Hakusema kitu. Alivua kitenge chake cha juu akanifuta mdomo, kama mtoto, akanishika paji la uso kuona kama kuna homa, halafu akazima ule mwanga, na gizani njo alisema.

"Minajua. Usinieleze kitu."

"Shangazi, siyo ile—"

"Nimesema usinieleze. Sikiliza. Mu mwanzo inatapishaka. Miye nilitapika miezi mitatu. Itapita."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa kwanza.

"Kamoja tu," akasema. "Kila mangaribi, kisha habari za redio. Bule, hawakuombe hata franga. Tangu 2011, mutoto yangu, na uniangalie, minakufa? Baba yako hajui. Mama amelala pale, alikufa hajui. Sasa weye njo unajua." Akanifunga kile kitenge kwa mabega. "Ukiogopa kwenda kuchukua dawa, nitakusindikiza. Tutasema tunaenda soko ya Kenya. Unamezaka?"

Nilikuwa na dakika nzima ya kusema. Hapana shangazi, siyo sida, siyo UKIMWI, nilijikatisha tumbo kwa dola 7,000 kwa sababu sukari na magoti, na, niseme kweli, kwa sababu ya foto moja ya arusi ya mdogo wangu. Maneno yalikuwa pale. Lakini yeye alikuwa ametoa kitu alichokificha miaka 12 hata kwa ndugu zake wa tumbo moja, akakiweka mkononi mwangu chini ya mti wa avoka, siku mama yake amelala ndani hajazikwa. Na miye nimrudishie nini, risiti?

Nikasema, "Namezaka."

Siyo uongo. Ninameza kila siku, B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, mpaka kufa, munganga alinionya. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana.

Tulirudi kwenye moto, akanichotea maji ya supu ya samaki kwenye kikombe na akaketi mbele yangu ili watu wasione kama ninakunywa kidogo kidogo. Kambo tulimzika kesho yake. Dola 140 zilipatikana, sijui kwa nani.

Tangu hapo ananipigia kila mwezi. Hasalimii kwanza. "Unamezaka?" Namezaka, shangazi. "Kila siku?" Kila siku. Halafu njo watoto, bwana, mvua. Mwaka huu kilo 4 zimenirudia na miye silali, ninapima asubuhi, ninapima mangaribi, ninaficha mizani ili bwana asione kama nimeipanda tena, ninaota nimerudi 131 na nafasi mbili za taksi. Yeye aliponiona mwezi wa 4 kwenye ubatizo alinishika mashavu na mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga. "Umeona?" akaninong'oneza. "Dawa inafanya kazi." Ile siku nilikula keki. Kipande kidogo lakini nilikula.

Mara tatu nimeandika ujumbe wa kumweleza nikaufuta. Bwana yangu anasema mwache mama wa watu na furaha yake. Rafiki yangu mmoja anasema ni wizi, na siwezi kumwambia amekosea.

Leo mangaribi nimekula bukari. Tonge tatu ndogo, na kuku, kwa kutafuna, mtoto akihesabu kwa sauti. Simu niliiweka juu ya meza na saa ya dakika 30, yeye akakaa pembeni na kikombe cha maji mkononi, ndiye mlinzi. Simu ikalia kabla ya wakati. Akairukia, akabonyeza anavyojua, na sauti ikatoka kubwa nyumba nzima.

"Mama yako anamezaka?"

Mtoto akaniangalia, akaangalia sahani.

"Hapana, kambo," akasema. "Anatafunaka tu."

Kule kukanyamaza. Nilisikia redio yake, kwa mbali, inasoma habari.

"Mupe mama telefone," shangazi akasema.