Siku yangu na wazee wa mazoezi

Saa 12 asubuhi niko ukumbini. Nakausha sakafu, naegemeza viti ukutani visisogee. Watu hudhani nalipwa kucheza na wazee. Waje wapige deki kwanza.

Saa 1 wanaingia. Shikamoo, marahaba, presha, nani kabadilishiwa dawa? Huyo namweka karibu yangu, maana dawa nyingine humpa mtu kizunguzungu akiinuka ghafla.

Saa 2 tunaanza, na papo hapo balaa. Mzee mmoja mgeni, kaletwa na binti yake, hataki kiti.

"Kiti cha wagonjwa hicho. Mtoto wa juzi wewe, utanifundisha kukaa?"

"Si kukaa, babu, ni kuinuka. Kunja mikono kifuani, inuka ukae bila kushika kitu, nami nahesabu sekunde 30."

Hataki. Anataka kukimbia. Kina bibi wanaguna, mmoja anamwambia mlango uko wazi, akimbie. Sasa nambembeleza yeye, nawatuliza wao, na muziki unaimba peke yake. Binti naye ananinong'oneza nimlazimishe, kana kwamba baba mtu analazimishika! Mwishowe anakaa, kwa hasira tu, atukomeshe. Anainuka mara nne safi. Ya tano mikono inatoka kifuani yenyewe na kushika magoti. Nikanyamaza.

"Hawa wanafika ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili," akajibu bibi yule yule. "Na sihemi."

Kundi la pili ni la usawa: kisigino mbele ya vidole, mguu mmoja hewani. Hapo sipepesi macho. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Ukumbi tumepewa siku 2. Ya tatu nawaagiza wafanye nyumbani, wameshika meza nzito. Nani anafanya, sijui.

Mchana ni simu. Mama analalamika mapaja, umemfanya nini? Nimemwamsha misuli, ndugu yangu. Kisha kuwapitia walioacha kuja, nyumba hadi nyumba, hata saa siangalii tena.

Jioni najaza fomu ya wafadhili: waliohudhuria, waliopungua uzito. Safu ya wasioanguka haipo. Naiandika pembeni kwa kalamu, kama kila mwezi, na kama kila mwezi watanirudishia wakisema nimechafua fomu.