Ukiona miungu wamejaa, uliza bwana arusi yuko wapi

Kwenye maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, mnunuzi hachukui doti kabla ya kusoma jina. Pindo na mji vinavutia macho, ila neno lenyewe liko kwenye maandishi. Picha za kifalme za Ulaya ya karne ya 17 zinahitaji jicho hilohilo, isipokuwa jina lake halikuandikwa: limefichwa kwenye mavazi na vitu walivyoshika watu.

Pa kuanzia ni picha 24 ambazo Peter Paul Rubens alimchorea Marie de' Medici, mama yake Louis XIII wa Ufaransa. Mkataba ni wa 1622, kazi ikakamilika 1625, na leo ziko Louvre. Chukua ile ya Marie akishuka merikebuni Marseille, Novemba 1600. Kimo chake ni karibu mita 4, kwa hiyo ukiitazama kwenye simu, ikuze kipande kwa kipande.

Kwanza watenge watu wa kweli, waliovaa nguo za zama zao: Marie na msafara wake. Wengi wa waliobaki ni mafumbo. Mwenye kofia ya chuma na joho la buluu lenye mayungiyungi ya dhahabu ni Ufaransa yenyewe. Jirani yake, mwenye taji la umbo la ngome, ni mji wa Marseille. Anayeruka na tarumbeta mbili ni Sifa. Chini yuko Neptunus, mungu wa bahari, pamoja na wanawake watatu wa majini wanaohangaika na kamba za chombo.

Wengi wakishatambua alama huishia hapo, na ndipo picha inapowaponyoka. Uliza nani hayupo. Bwana arusi, mfalme Henri IV wa Ufaransa, hakufika bandarini! Ndoa ilikuwa imefungwa Florence mwezi Oktoba kwa wakili, na aliyesimama badala ya mfalme ni Ferdinando, baba mdogo wa bibi arusi. Maarusi walionana Lyon, Desemba. Rubens alikuwa na mwanamke anayeshuka ngazi bila mume wa kumpokea, akalijaza pengo hilo kwa nchi, mji, bahari na anga. Kwangu, ufundi wake mkubwa uko hapo, kuliko hata kwenye ile miili ya wanawake wa majini inayosifiwa sana.

Palipokuwa na ugomvi, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1617 Louis alimwondoa mama yake Paris. Rubens alilichora tukio hilo, likaonekana litachokoza, likatolewa. Mahali pake ikaingia picha ya heri ya utawala wa Marie: amekaa kitini, mizani mkononi, Husuda na Ujinga chini miguuni. Haina siku wala tukio ambalo mtu angeweza kulikasirikia.

Mfalme Louis alipokwenda kuzitazama picha hizo mwaka 1625, abate (mkuu wa monasteri) aliyemfafanulia aligeuza au kuficha maana palipohitajika. Rubens mwenyewe alilieleza hilo kwenye barua, kwa kumsifu. Kanga yenye jina lililochapwa isingewezekana kusomwa hivyo. Louis akaondoka ameridhika.