Niandikie nilicholipa

Ukiwa fundi umeme Dar es Salaam, kuvuta nyaya ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwonyesha mwenye nyumba pesa yake imekwenda wapi. Ndiyo maana swali linaloniudhi kuliko yote pale Kariakoo ni hili: "Na risiti au bila risiti?" Roli moja la waya, bei mbili. Inayoachwa nje ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na muuzaji anajua wengi watachukua ile nafuu.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 haina bei mbili. Muuzaji lazima atoe risiti ya mashine ya kodi (EFD), mnunuzi lazima aidai, na asiyefanya hivyo ana kosa, awe huyu au yule. TRA, mamlaka ya mapato, wanahubiri kila siku: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote. Ila ukishatoka na waya begani, anayesimamishwa njiani na kuulizwa risiti ni wewe.

Kibaya zaidi ni risiti pungufu. Unalipa laki tatu, mashine inatema karatasi ya laki moja. Mwenye nyumba akiisoma, mimi ndiye nimekula laki mbili! Kijana mmoja wa kaunta aliniambia, "Kaka, si inakuvusha tu njiani?" Nikamjibu: niandikie nilicholipa, au nipe hela yangu. Akanirudishia hela.

Kwenye daladala nyingi hata hiyo karatasi hupewi. Konda akimwachia deiwaka, yule wa kumshikia zamu, katikati ya safari, huyo anaanza upya kudai nauli, akichezesha sarafu kiganjani, siti hadi siti. Anayekuokoa ni mama uliyekaa naye: "Huyu katoa, nimemwona." Kwa nauli, sawa, ushahidi huo unatosha. Kwa vifaa vya nyumba nzima nitampata wapi huyo mama?

Kwa hiyo sitoki dukani kabla sijasoma kiasi, tarehe na jina la mteja. Naskani ile QR, nione kama TRA wanaitambua. Kisha napiga picha palepale, maana karatasi zile zikipigwa na jua maandishi yanafutika, na namtumia mwenye nyumba WhatsApp nikiwa bado kaunta. Muuzaji akinuna, anune. Duka jingine la umeme liko mlango wa pili.