Mkataji na Mlaji

Mimi ni mtu wa nyama. Kuku nakula nikiwa mgeni wa watu, samaki nakula nikiwa pwani, lakini nikisema leo nimekula, ujue kulikuwa na ng'ombe au mbuzi, na kulikuwa na mfupa wa kuguguna. Niliolewa Dodoma nikitokea Iringa, na mji ule haukunipa taabu kuuzoea kwa sababu ya mnada wa Jumamosi. Mbavu za mbuzi za mnadani hazilazwi juu ya wavu. Zinatungwa kwenye mijiti, mijiti inasimikwa kuuzunguka moto, mafuta yanadondoka taratibu. Unachagua mjiti wako, mchomaji anakukatia kwenye kibao, chumvi na pilipili pembeni, basi. Mume wangu alizoea kunitania kwamba nilimkubali yeye kwa ajili ya mnada. Sikuwahi kumbishia.

Kwa hiyo mwaka 2007 niliposema nyama naiacha, nyumbani walicheka.

Mambo yalianzia mbali kidogo. Mwaka 2006, karibu wote, nchi ilikuwa kavu. Bwawa la Mtera lilishuka mpaka umeme ukawa wa mgawo, tukawa tunapiga pasi usiku wa manane ukirudi. Ndipo mwisho wa mwaka mvua zikaja, na zilikuja kwa hasira. Dodoma, mji wa vumbi, ukawa na madimbwi kila uendako, na mbu wengi ajabu. Tulifurahi. Mtera inajaa, uwele unastawi, nani ahangaike na mbu?

Desemba redio ikaanza kutaja Garissa, huko Kenya: watu wanashikwa na homa kali, wengine wanatokwa na damu wanakufa, na mifugo inatupa mimba. Januari ikatajwa Arusha. Februari ikawa kwetu. Homa ya Bonde la Ufa. Mpaka inakwisha, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa Tanzania, na hakuna mkoa ulioumia kama Dodoma.

Bucha ya mtaani kwetu ilikuwa ya kijana mmoja mcheshi, aliyejua bila kuambiwa kwamba mimi nachukua mbavu na mfupa wa kuchemshia supu. Wiki zile ukipita, unamkuta amekaa kwenye kigoda nje, ameshika usinga wa kufukuzia nzi. Siku moja aliniita.

"Dada, njoo uone kitu."

Akaligeuza paja lililoning'inia mpaka upande wa ndani ukatazama mlangoni. Palikuwa na muhuri wa duara, wino wa zambarau umeanza kuchuja kwenye mafuta.

"Huyu amekaguliwa akiwa hai, amekaguliwa akiwa amekufa. Sasa dada yangu unaogopa nini?"

"Kesho, kaka."

"Kila mtu ananiambia kesho," akasema, akalirudisha paja lilivyokuwa.

Hakuwa mwongo. Bei alishaishusha, akaishusha tena, na alikuwa tayari kunipa kwa mkopo, jambo ambalo ukutani kwake lilikatazwa kwa herufi kubwa nyekundu. Wakati huohuo kuku wa kienyeji alipanda bei mpaka ukimshika unajiuliza kama anataga dhahabu. Perege wa Mtera, tuliokuwa tukiwapita sokoni bila kuwatazama, wakawa wanagombewa asubuhi na mapema.

Mwenye kunieleza ugonjwa wenyewe vizuri alikuwa jirani yetu, bwana mifugo, mzee aliyekuwa akisubiri kustaafu na badala yake akapewa pikipiki na kutumwa vijijini. Jioni moja alirudi amechoka, akakaa barazani kwetu kunywa chai. Virusi hivi, alisema, vilitambuliwa miaka mingi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa kondoo wa shamba moja kule Naivasha. Mbu fulani hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotuamisha maji, na mayai hayo yanaweza kukaa humo yamekauka miaka na miaka, virusi vikiwa ndani yake. Ikija mvua ya kuyafunika, yanaanguliwa na ugonjwa wao. Kwa hiyo ile mvua tuliyoishangilia ndiyo iliyowaamsha.

"Na nyama?" mume wangu akauliza, maana hilo tu ndilo alilolisubiri.

"Nyama ikiiva vizuri haina neno. Moto unaua. Balaa liko kwenye damu. Anayechinja, anayechuna, anayemzalisha mnyama au kushika mimba iliyotoka, anayekunywa maziwa mabichi. Hao ndio tunaowakuta wanaumwa."

Mume wangu akanigeukia kwa ushindi. "Umesikia? Ikiiva haina neno. Kesho tununue."

"Nani ataikata?"

"Si wewe?"

"Anayeshika mbichi yenye damu ni nani? Anayeosha ni nani? Anayejikata kidole na kisu kila wiki humu ndani ni nani?" Nikamtazama mzee. "Au nimesikia vibaya?"

Mzee akanywa chai yake. "Umesikia vizuri, mwanangu. Ukikata, vaa mifuko ya plastiki mikononi, na mikono isiwe na kidonda. Mimi mwenyewe nyumbani mama amekataa kabisa."

"Basi kata wewe," nikamwambia mume wangu, "mimi nitapika." Akanyamaza, na nyama haikununuliwa.

Mpaka leo naona kwamba mji mzima ulilishika jambo hili kichwa chini miguu juu. Tuliogopa sahani. Watu maofisini walikuwa wakisukuma bakuli la supu iliyochemka tangu alfajiri kana kwamba ni sumu, na hawakumwaza kijana wa machinjioni aliyekuwa akisimama ndani ya damu na kandambili.

Aliyefurahia kipindi kile nyumbani ni mmoja tu, mama mkwe. Alikuwa amekuja kutoka Bahi kututembelea, na siku nyingi alikuwa akiustaajabia mpango wa mkamwana wa kula nyama kama mchicha. "Mwanangu," aliniambia, "mlenda haujawahi kuua mtu." Akafungua mfuko wake wa mlenda mkavu, uliotwangwa, akachemsha maji na magadi kidogo, akamwagia mlenda huku anakoroga, halafu karanga za kusaga. Ugali ulikuwa wa uwele, wa rangi ya kijivu, mzito. Shida yangu ilikuwa kukata ule uzi. Unachovya tonge, unalinyanyua, mlenda unafuata toka bakuli mpaka kidevuni. Yeye alikuwa na namna ya kuzungusha mkono mara moja, uzi unakatika, tonge linaingia mdomoni safi. Nilimwiga nikashindwa, nikachafua kanga, watoto wakaangua kicheko. Nilikuja kuuzoea. Kuupenda ni habari nyingine. Lakini kuna mchana fulani, mlenda ukiwa na karanga nyingi na nyanya chungu ndani, nilijikuta naongeza.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa magumu zaidi. Tulialikwa harusi, ya watu wenye uwezo, na kamati ilikuwa imevunjana kwa sababu ya chakula tu. Wengine walisema harusi bila pilau ya nyama ni kikao. Mwishowe ikaja pilau yenye kipande kimoja cha kuku, kidogo cha kutafuta kwa kijiko, na maharage mengi. Mzee mmoja wa meza yetu alikula kimya mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema, "Tumeshiriki." Meza nzima ilijua ana maana gani.

Kilichonikata maini ni baba mdogo wa mume wangu, naye wa hukohuko Bahi. Kwa mfugaji, mwanzo wa mwaka ndio wakati wa kuuza mbuzi ili mtoto aende sekondari. Ada ya shule ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mbuzi mmoja au wawili, na sare juu yake. Mwaka ule mbuzi wake kadhaa walitupa mimba, vitoto vilivyozaliwa vikafa, na waliobaki wazima hakuna aliyewataka. Alikuja mjini kwa basi, akakaa sebuleni kofia magotini, akazungumza kwanza mvua, halafu mtama, halafu afya ya kila mtu, ndipo akafika kwenye ada. Tulimpa tulichokuwa nacho. Mimi nilikuwa nimekosa kitoweo tu, kumbe wenzangu walikuwa wamekosa benki.

Mvua zilipokatika na ardhi kukauka, habari za wagonjwa zikapungua, kisha zikaisha. Mifugo ilikuwa ikichanjwa. Watu walirudi kwenye nyama kwa aibu, mmojammoja, kama wanaorudi kwenye kanisa walilohama. Kijana wa bucha alinikaribisha kwa kuniuliza kama leo ndiyo ile kesho. Nikacheka, nikachukua mbavu na mfupa, na bei ilikuwa imerudi palepale. Nilipojaribu kuomba punguzo alinyoosha kidole kwenye yale maandishi mekundu ukutani, ingawa hayakuhusu punguzo.

Nyumbani nikaweka nyama kwenye beseni, nikaweka kisu pembeni, nikamwita mume wangu. Akasema ugonjwa umekwisha. Nikamwambia najua. Tukatazamana, akakunja mikono ya shati.

Tangu siku hiyo nyama mbichi kwetu anakata yeye. Anakata vibaya, vipande vikubwa mno, haviivi upesi, na mbavu anazivunja mpaka vijiwe vya mfupa vinaingia kwenye mchuzi. Nimemwambia mara nyingi, hasikii.