Meza na meza

Juzi mwanangu wa miaka sita alikuwa na homa, nikamwambia dawa iko mezani, chukua umeze. Akanyamaza kidogo afu akauliza, mama, kwani meza inaitwa meza kwa sababu watu wanakaa hapo wanameza chakula? Yaani na mimi niliamini hivyohivyo tangu utotoni na sikuwahi kumuuliza mtu.

Kumbe hayana undugu kabisa. Meza ya kuwekea vitu ni ya Wareno, kwao ni mesa, Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498 na wenzake waliomfuata wakang'ang'ania pwani yetu mpaka Waomani wakawatoa Fort Jesus, ngome yao pale Mombasa, mwaka 1698. Wakaondoka ila maneno yao tumebaki nayo, bendera, kasha, leso, karata, hata gereza, ambalo kwao ni igreja yaani kanisa! Hilo la gereza linanigusa sana kwa sababu hiyohiyo Fort Jesus baadaye Waingereza waliigeuza jela kwelikweli, toka 1895 mpaka 1958.

Kumeza sasa ndo letu, la Kibantu, limekuwepo kabla Mreno hajaiona bahari hii. Mnyarwanda anasema kumira, Mganda okumira. Na waulize haohao meza wanaiitaje, Mnyarwanda atakwambia ameza, Mganda emmeeza. Umeona? Kwao ya Mreno iko kivyake na ya kwao iko kivyake, ni kwetu tu ndo yamekutana mdomoni yakafanana mpaka herufi ya mwisho, na bado hatuchanganyi, mtu akikwambia meza hiyo dawa iliyo juu ya meza unaelewa palepale.

Nikamkumbuka bibi yangu, Tanga. Kwake tulikula chini, mkeka umetandikwa, sinia moja la wali katikati na mikono yetu wote humo. Meza alikuwa nayo, ya mninga, moja tu, na sijawahi kuona mtu anakula pale hata siku moja, ilikaa redio, chupa ya chai na vidonge vyake vya presha kwenye kikopo. Ikifika jioni utamsikia toka chumbani, "Mjukuu wangu, hebu niletee vile vya mezani nimeze."