Siku yangu na milingoti ya jirani

Saa 11:40 alfajiri. Baridi ya Mbeya mwezi Juni haina haja ya kengele. Ukijifunua tu, umeshaamka. Nachemsha chai ya tangawizi, naangalia chaji ya simu na laptopu kwa sababu jana umeme ulikatika, kisha naingiza kwenye begi dira, futi kamba na daftari. Kazi yangu ni kupima eneo na kukadiria mfumo wa sola kabla haujafungwa. Watu wakisikia sola wanadhani nashinda juu ya bati. Wangejua ninavyoshinda najaza namba kwenye visanduku!

Saa 2:00 asubuhi, Uyole. Mteja ni mama mwenye kituo cha kukusanya maziwa. Anataka tangi lake la kupoozea liendelee kufanya kazi hata umeme usipokuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ugonile?"

"Ndaga."

Kinyakyusa changu kinaishia hapo. Anajua, anacheka, anaagiza niletewe maziwa ya moto.

Swali lake la kwanza ni lile la kila mteja wa huku: kwa nini paneli zielekee kaskazini, kwenye milima? Namweleza kwamba tuko kusini ya ikweta, karibu nyuzi 9, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita kaskazini yetu. Na milima je, haitaziba? Haizibi. Hata leo, Juni, jua likiwa limesogea kaskazini kuliko mwezi mwingine wowote, mchana linapita kama nyuzi 58 juu ya upeo wa macho. Mlima ulioko kaskazini hauwezi kulifikia. Vivuli vya kuogopa huku kwetu viko mashariki na magharibi, jua linapokuwa chini. Na magharibi mwa kituo hiki jirani amepanda milingoti, yaani miti ya mikaratusi.

Saa 3:30. Hapa dira inanitia hasira. Nikiwa kwenye ngazi ya chuma, karibu na bati, sindano inaruka karibu nyuzi 20. Kwa hiyo juu ya paa napima urefu wa vitu kwa nyuzi tu: vilele vya milingoti viko nyuzi 25, simtanki iliyo kwenye mnara upande wa mashariki nyuzi 15. Mwelekeo nitautafuta kwa njia ya wazee.

Saa 6:46 mchana. Nimesimika uani kijiti cha mita moja, wima kabisa. Saa zetu zinafuata longitudo ya 45, sisi tuko kwenye 33 na nusu, kwa hiyo mchana wa kweli, jua linapofika juu kabisa, huku unachelewa dakika 46 baada ya saa sita. Dakika hiyo kivuli cha kijiti kinalala kusini moja kwa moja. Nakipima: sentimita 63. Vijana wanaoshusha madumu wameacha kazi, wananitazama kama mganga. Natandaza kamba juu ya kivuli, kaskazini nimeipata bila chuma kunidanganya. Ukihesabu kutoka kaskazini kwa kupitia mashariki, milingoti inaanzia nyuzi 285 hadi 305, na simtanki iko kwenye 70.

Saa 8:00. Nimerudi mjini, nimekula ndizi na maharage, nimefungua SAM, programu ya bure ya Wamarekani ya kukadiria umeme wa sola. Jedwali la vivuli ni hivi: mistari ni mwelekeo wa jua, safu ni mwinuko wake, na kila kisanduku kinauliza jua likisimama hapa, asilimia ngapi ya mwanga wake wa moja kwa moja inazuiwa. Mwanga unaotawanyika angani unajazwa mahali pengine. Visanduku vingi havina kazi, kwa sababu jua la Mbeya halipiti kwenye nyuzi hizo katika siku yoyote ya mwaka, lakini mwanzoni nilikuwa navijaza vyote kwa uaminifu mkubwa. Leo milingoti naipa 80, si 100, maana majani yake yanapenyeza mwanga. Hata hivyo simwahidi mama kwamba hiyo 20 iliyobaki itafika kwenye betri. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, na kivuli kwenye chache kinavuta chini zile nyingine.

Saa 9:20. Matokeo hayaniingii akilini. Picha ya mwaka inaonyesha Juni jioni nyeupe, haina kivuli hata kidogo, halafu Desemba asubuhi ina doa kubwa jeusi. Mashariki kuna nini cha kuziba kiasi hicho? Simtanki moja?

Narudi kwenye daftari, naona aibu mwenyewe. Umbo la milima nilikuwa nimelichukua PVGIS, kikokotoo cha Umoja wa Ulaya, ambacho sifuri yake ni kusini, magharibi ni chanya na mashariki ni hasi. Ili vyote vikae ukurasa mmoja, niligeuza na vipimo vyangu vifuate mtindo huo: milingoti ikawa 105 hadi 125, simtanki ikawa hasi 110. SAM sifuri yake ni kaskazini. Milingoti nikaiingiza kama ilivyo, ikahamia mashariki. Kwenye simtanki nikaona alama ya hasi, nikajumlisha 360 nikidhani nimemaliza, ikawa 250, ikahamia magharibi. Nilipaswa kujumlisha 180 kote. Kabisa nilikuwa nimemhamishia jirani shamba lake.

Saa 10:05. Nimesahihisha. Doa la Desemba limetoweka, limetokea lingine Juni, likianza kama saa 10:30 jioni. Hasara ya mwaka mzima ni ndogo, mtu angeweza kuipuuza. Ila maziwa ya jioni yanaingia kituoni saa kumi, na tangi linaanza kuvuta umeme saa hiyohiyo. Naongeza betri kwenye makadirio.

Saa 10:25 nampigia. "Mama, naomba mtu asimame uani aangalie paa, aniambie kivuli cha milingoti kinafika lini." Saa 10:36 anapiga yeye: kimeshagusa ukingo wa bati. Nimepishana na jedwali dakika sita tu! Nimefurahi peke yangu ofisini.

"Sasa mwanangu," anasema, "hiyo miti yeye anaikuza auze nguzo. Mwaka kesho si itakuwa mirefu zaidi?"

Hilo jedwali haliulizi. Nafungua nakala ya pili, naandika milingoti nyuzi 30, naanza upya.