WiFi isiyopotea kwenye Alpine Linux: baada ya kuwasha upya, na baada ya ruta kuzimika

WiFi ikikubali mara moja kwenye Alpine, toleo dogo la Linux, wengi hudhani kazi imekwisha. Bado. Muunganisho wa kudumu una mitihani miwili: kompyuta ikizimwa na kuwashwa, na ruta ikizimwa na kuwashwa huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Maelekezo mengi hukuvusha mtihani wa kwanza tu. Huo wa pili ndio unaokuachia mashine inayosema imeunganishwa, kumbe haifiki popote.

Nazungumzia Alpine tupu, isiyo na madirisha wala menyu, yenye OpenRC (inayoendesha huduma) na BusyBox (mkusanyiko wa amri ndogo ndogo). NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, inaweza kufanya yote haya yenyewe, na kwa kompyuta ya kutembea nayo ni chaguo zuri. Kwa mashine ndogo inayokaa mahali pamoja, wpa_supplicant, programu inayoiunganisha kadi na ruta, pamoja na mafaili mawili ya maandishi vinatosha. Chagua kimoja. Ukiviendesha vyote viwili kwenye kadi moja vitanyang'anyana, na utaona ujumbe kama `ctrl_iface exists and seems to be in use`.

Anza na kadi yenyewe:

    ip link
    dmesg | grep -i firmware
    rfkill list

Kama wlan0 haionekani na dmesg inaonyesha mstari unaoishia na `failed with error -2`, maana yake faili la fimwea halipo. Fimwea ni programu ndogo ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, huipakia ndani ya kadi, na bila hiyo kadi haiamki. Alpine imeigawa katika vifurushi: linux-firmware-ath10k kwa kadi nyingi za Atheros za 802.11ac, linux-firmware-rtlwifi kwa Realtek nyingi, linux-firmware-brcm kwa Broadcom, zikiwemo za Raspberry Pi. Pakua kwa waya wa mtandao, kisha washa mashine upya, kwa sababu kerneli iliyokwisha kukosa faili hairudi kulitafuta yenyewe. Rfkill, inayoonyesha kama kadi imezuiwa, ikisema `Soft blocked: yes`, amri ya `rfkill unblock wifi` inamaliza. Ikisema `Hard blocked: yes`, tafuta swichi au kitufe kwenye mwili wa kompyuta, hakuna amri itakayosaidia.

Sasa sakinisha kinachohitajika, kisha andika /etc/wpa_supplicant/wpa_supplicant.conf:

    apk add wpa_supplicant iw

    ctrl_interface=/var/run/wpa_supplicant
    update_config=1
    country=XX

    network={
        ssid="Sebuleni"
        psk="nenosiri la mtandao wako"
        priority=5
    }

Badala ya XX weka herufi mbili za nchi uliyopo. Mstari huo huonekana wa mapambo, lakini ndio unaoiambia kadi ni chaneli zipi inaruhusiwa kutumia. Ruta ikijichagulia chaneli ya 12 au 13 na kadi yako haijui iko nchi gani, mtandao unaweza usionekane kabisa, na ukahangaika na nenosiri lisilo na kosa.

Kuhusu psk, yaani mstari wa nenosiri, kuna mtego mdogo. Nenosiri la kawaida lina herufi 8 hadi 63 na huandikwa ndani ya alama za kunukuu. Amri ya wpa_passphrase hukupa badala yake msimbo wa tarakimu 64 za heksadesimali (0-9 na a-f), nao huandikwa BILA alama hizo. Ukiziweka utajibiwa `Invalid passphrase length 64 (expected: 8..63)`. Msimbo huo hukokotolewa kutokana na nenosiri pamoja na jina la mtandao, kwa hiyo ukibadilisha jina la WiFi msimbo wa zamani haufai tena, hata kama nenosiri ni lilelile. Na usiuone kama kinga: aliye nao anaingia mtandaoni sawa na mwenye nenosiri. Kinga halisi ni `chmod 600` kwenye faili hilo. Ruta inayotumia WPA3 pekee, aina mpya ya ulinzi wa WiFi, haiutaki msimbo kabisa. Hapo weka nenosiri lenyewe, ongeza `key_mgmt=SAE` na `ieee80211w=2`. Mtandao uliofichwa jina unahitaji `scan_ssid=1`.

Faili la pili ni /etc/network/interfaces:

    auto lo
    iface lo inet loopback

    auto wlan0
    iface wlan0 inet dhcp
        post-up iw dev wlan0 set power_save off

Huo mstari wa mwisho ni wa hiari, lakini mimi huuweka kwenye kila mashine iliyochomekwa umeme muda wote. Kadi ikiwa inasinzia ili kuokoa betri, SSH (kuingia kwenye mashine kutoka kifaa kingine) hukwama-kwama, na kwenye baadhi ya kadi muunganisho hukatika bila kelele. Kuna dereva zisizoruhusu mpangilio huo. Zikikataa, ondoa mstari.

Kisha huduma:

    rc-update add wpa_supplicant boot
    rc-update add networking boot
    rc-update add wpa_cli boot

Huduma ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayovusha ule mtihani wa pili. Wpa_supplicant yenyewe ni mvumilivu: ruta ikirudi, itaungana nayo bila kuombwa. Tatizo liko kwa udhcpc, anayeshughulikia anwani ya IP. Huyu anatazama saa, hatazami mawimbi. Akishapewa anwani ya saa 24, hatauliza tena mpaka nusu ya muda huo ipite, yaani saa 12. Ruta ikirudi na mpangilio uleule, hutagundua chochote. Ikirudi na anwani za safu nyingine, au mashine ikahamia mtandao wa pili uliouandika kwenye faili, utabaki na anwani mfu huku `iw dev wlan0 link` ikionyesha mawimbi mazuri kabisa. Wpa_cli husikiliza kila kuungana na kukatika, na kila mara huishusha na kuipandisha wlan0 ili anwani iombwe upya.

Wpa_cli inategemea ule mstari wa ctrl_interface. Anayetengeneza faili kwa kumwaga matokeo ya wpa_passphrase peke yake hukosa mstari huo, na huduma hulalamika `Failed to connect to non-global ctrl_ifname`. Rudisha mstari juu ya faili na uanzishe huduma zote mbili upya.

Kama Alpine yako inaendeshwa ndani ya RAM kutoka kwenye flashi, hayo yote yatafutika ukizima, mpaka uyahifadhi kwa lbu, amri ya Alpine ya kuhifadhi mabadiliko:

    lbu status
    lbu commit

Kilichomo /etc huhifadhiwa bila kuambiwa. Vifurushi je? Hapo ndipo watu hukwama. Lbu huhifadhi majina ya vifurushi tu, halafu mfumo huvisakinisha upya kila unapowaka. Kama wpa_supplicant haimo kwenye flashi, mashine itahitaji intaneti ili ipate programu ya kuipatia intaneti. Dawa ni kuweka hazina ya vifurushi kwenye flashi hiyohiyo, ukiwa bado kwenye waya:

    setup-apkcache
    apk cache download
    lbu commit

Ikigoma kuungana, zima huduma na uiendeshe wpa_supplicant mbele ya macho yako:

    rc-service wpa_cli stop
    rc-service wpa_supplicant stop
    wpa_supplicant -i wlan0 -c /etc/wpa_supplicant/wpa_supplicant.conf

Ukiona `reason=WRONG_KEY`, nenosiri halilingani; angalia herufi kubwa na ndogo, na nafasi iliyojificha mwishoni. Ukiona `CTRL-EVENT-CONNECTED` lakini anwani haipo, wifi haina kosa. Hangaika na DHCP, utaratibu wa kupewa anwani, kwa `udhcpc -i wlan0`. Mistari ya kuungana na kukatika ikipokezana, tazama nguvu ya mawimbi kwa `iw dev wlan0 link`. Kwenye -50 dBm mambo ni mazuri. Kwenye -80 hakuna mpangilio wa faili utakaoshinda umbali, sogeza ruta au mashine.

Mwenye adapta mbili za USB ajihadhari: majina wlan0 na wlan1 yanaweza kubadilishana kulingana na ipi imetambuliwa kwanza. Chomoa usiyoitumia.

Sasa pima. Washa mashine upya bila waya na uone kama `ping` inajibiwa. Halafu chomoa ruta umeme kwa dakika tano, irudishe, usiguse kompyuta. Dakika mbili baada ya ruta kutulia, jaribu kuingia kwa SSH kutoka kifaa kingine. Ukiweza, badilisha pia safu ya anwani kwenye ruta, mfano kutoka 192.168.1 hadi 192.168.50, na urudie kuchomoa. Hilo ndilo jaribio ambalo usanidi usio na wpa_cli hushindwa.